Kifuata-nyota kilichoniharibia kometi ya miaka 71

Msikinunue kifuata-nyota hiki. Au nilegeze kidogo: msikinunue kama mnapiga picha za kometi (nyota zenye mkia) hafifu, zile ambazo macho matupu hayazioni. Huko ndiko kilikoniangusha.

Kazi yake ni moja tu, kuizungusha kamera taratibu kinyume na mzunguko wa Dunia, digrii 15 kwa saa, nyota zibaki vidoa. Changu hufuata vizuri kwa dakika chache, halafu gia inashtuka na nyota zinakuwa vijiti. Kinatulia. Muda uleule ukipita, kinashtuka tena.

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa naifuatilia kometi 12P/Pons-Brooks, inayorudi kila baada ya miaka 71 hivi. Tangu Julai 2023 ilikuwa ikilipuka na kung'aa ghafla, kisha inafifia, kwa hiyo usiku wenye anga safi haukuwa wa kuchezea. Ule ukijani wa kichwani, unaotokana na molekuli za kaboni zikipigwa na jua, niliupata. Mkia ndio uliodai picha nyingi za sekunde 60 zirundikwe pamoja, na nyingi nilizitupa kwa ule mshtuko wa gia.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja: "Ndugu, kometi husogea. Jifunze kwanza kulenga ncha ya anga," yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka.

Kila nikilisoma jibu hilo hasira inapanda upya. Kometi husogea, sawa. Ndiyo maana tunaporundika picha tunafuata kiini chake. Lakini ikisogea yenyewe, inayovutika ni kometi, nyota zinabaki duara. Kwangu nyota zote zimevutika, mashariki kwa magharibi. Na ncha ikilengwa vibaya, picha huteleza polepole, haiji na kuondoka. Kosa linalojirudia kwa vipindi ni la gia! Niliwatumia picha zenyewe kwa mfuatano, nzuri na mbaya, kila moja na saa yake. Dakika chache tu mhudumu akanijibu nipunguze sekunde za kila picha. Hakuzitazama. Mtu anayepiga mkia hafifu akipunguza sekunde, mkia unazama kwenye chengachenga za kamera, na hilo muuzaji wa vifaa vya falaki anapaswa kulijua kuliko mimi.

Kwa haki yake, kifaa ni chepesi, betri inafika alfajiri, na ukiweka lenzi pana kupiga Njia Nyeupe ule mshtuko hauonekani kabisa. Mkia wenyewe ulionekana hatimaye, mwembamba na umepinda, na niliutazama muda mrefu kwa furaha ya kweli. Kwa picha pana ningewaambia nunueni.

Hapana, nafuta. Gia mbovu inatengenezeka. Aliyekataa kufungua picha nilizompelekea hanitengenezei kitu. Hata kwa lenzi pana msinunue kwao. Changu nakirudisha, na fedha nazidai zote, pamoja na za kukisafirisha.