Ilimba ya Kigogo ya fundi wa Dodoma: sauti tamu, utando dhaifu

Ilimba ni ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku la mbao. Sanduku la hii halina ufa, ubao umekaushwa vizuri. Vichuma vimefuata mpangilio wa Kigogo, mitetemo ya sauti zake ikiwa kwa uwiano wa 6:7:8:9:10, kwa hiyo usiipime kwa kinanda. Utadhani fundi kakosea. Utamu uko kwenye vichuma visivyopigwa: piga kimoja cha vile vingine, na hivi vinavyopatana nacho huitikia vyenyewe. Wafuasi wa Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walidai hata nyota huenda kwa uwiano kama wa nyuzi za ala. Hapa unausikia kwa kidole gumba.

Kasoro ni utando wa buibui unaoziba matundu ya sanduku na kuipa sauti mvumo. Ukipasuka, na kwa ukavu wa huku hupasuka, ule mvumo hupotea. Kichuma kikipotoka sauti, kigonge taratibu: kuelekea ndani sauti hupanda, kuelekea nje hushuka. Omba utando wa akiba kabla hujalipa.