Saiba ya Langoni: Huduma Nzuri, Daftari Wazi

Likizo nzima nimekuwa mteja wa saiba moja ya Langoni, mjini Lamu, nikijaza maombi ya mkopo wa masomo na kuchapisha kazi zangu za chuo. Kompyuta zina kasi, bei haziumizi, na kijana anayehudumu ana subira ya ajabu, hasa kwa wazee wanaokuja kufunguliwa akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Subira hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Bibi mmoja aliombwa nywila yake, akaitamka kwa sauti, nasi sote tuliokuwa tukingoja tukaisikia. Kisha kijana akaiandika daftarini, ubavuni mwa nambari ya kitambulisho, asije bibi akaisahau. Daftari hilo hushinda wazi juu ya meza, hatua mbili kutoka kichochoro wanamopita punda na watu.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali vya serikali, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza. Chuoni tuliijadili hukumu hiyo kana kwamba hatari yote iko kwenye mitambo ya serikali. Daftari la saiba halikutupitia akilini.

Nilipomshauri kijana alifungie daftari, alikubali, lakini akaniuliza, “Na nikiliacha kabisa, bibi akisahau nitamsaidiaje?” Sikuwa na jibu. Kuchapisha nitaendelea kwake. Nywila yangu naiandika mwenyewe.