Mashine ya maziwa niliyonunua Mlandege: soya inajua, oti haijui

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha mwanzo mtu anachotaka. Laki na thelathini, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanza na laki na sabini, duka moja la vyombo vya umeme Mlandege, hapa Unguja mjini, jina la duka nnaliacha maana nusu ya kosa langu mwenyewe. Ni mashine ya kutolea maziwa ya nafaka na njugu, lile jagi la bati lenye mfuniko mzito, kisu kiko ndani, ubavuni vibonye vya picha, kimoja soya, kimoja njugu, kimoja mchele, kimoja juisi na kimoja cha kujiosha, maelezo Kichina pamoja na kikaratasi cha Kiingereza ambacho hata mwenye Kiingereza chake hakielewi. Muuzaji akanambia dada hii inatoa maziwa ya kila kitu, oti, lozi, soya, unatia unabonyeza unakwenda zako kuswali ukirudi maziwa tayari. Mie nkaingia mzima mzima.

Sababu yenyewe tumbo. Maziwa ya ng'ombe mimi na mwanangu wa miaka tisa hayatukai, tukinywa chai ya maziwa asubuhi mpaka adhuhuri tumbo linaunguruma kama pikipiki, na daktari akatwambia ni ile sukari ya maziwa, laktosi, matumbo ya watu wazima wengi hayaivunji. Tukahamia maziwa ya oti ya boksi, matamu kweli sikatai, lakini boksi la lita moja la mwisho nililonunua lilikuwa elfu kumi na nne na kwangu lita haimalizi siku mbili. Oti zenyewe pakti ya gramu 500 nnanunua elfu saba, kila lita inataka kikombe kimoja tu ambacho ni kama gramu 100, kwa hiyo pakti moja lita tano, piga hesabu mwenyewe lita inasimama elfu moja na mia nne. Hapo ndo nilipoona hata mashine ya laki na thelathini itajilipa. Hesabu ilikuwa sawa, mashine ndo haikuwa sawa.

Najua kuna mtu ashaanza kusema Unguja hii nazi zimejaa, tui lina nini. Tui halina kitu, tui ndo maisha, lakini kwenye chai mafuta yanaelea juu na harufu ya nazi inafunika hiliki yote, na mtoto hataki konfleksi zake ziwe na ladha ya wali. Na oti wala si kitu kigeni kwetu, ikiingia Ramadhani nani asiyepika shurba, ile supu nzito ya oti na nyama, kwa hiyo pakti iko kabatini siku zote.

Haya, siku ya kwanza. Nkatia kikombe cha oti, maji mpaka kwenye alama, kibonye cha oti hakipo basi nkabonyeza soya, maana muuzaji alisema hicho ndo cha maziwa. Ikaanza kunguruma, ikanyamaza, ikatoa moshi, ikanguruma tena, dakika ishirini na kitu. Nlivyofungua mfuniko nkakuta uji. Tena si uji wa kunywa, ule wa kubandikia karatasi ukutani. Wallahi ungeichovya humo kanzu ya Idi ingesimama peke yake bila ya mtu ndani. Mama yupo jikoni ananiangalia hasemi kitu, afu akauliza hii ndo ya laki na thelathini?

Baadae ndo nkajua kinachotokea. Hizi mashine asili yake soya, na soya lazima ichemke vizuri, mbichi inasumbua tumbo na ina ile harufu ya maharage mabichi, ndo maana mashine ina moto ndani unaopanda mpaka kuchemka. Oti ni kinyume chake kabisa. Oti zimejaa wanga, wanga ukipata maji na moto unavimba na kukaza, ndo shurba yako inavyokuwa nzito, kwa hiyo ukibonyeza kibonye cha moto hupati maziwa unapata shurba bila nyama. Kusaga oti mashine inasaga kweli, ila kusaga na kutoa maziwa ni vitu viwili.

Siku ya pili nkasema basi nitumie kile cha juisi kisicho na moto. Hapo afadhali lakini bado, kwa sababu kile kibonye kinasaga dakika tatu na huwezi kukikatisha, ukichomoa waya kinaanza upya, na oti hazitaki kusagwa muda mrefu. Zikisagwa sana zinatoa mlenda, kuna nyuzinyuzi zake zinaitwa beta-glukani, hizo hizo ndo zinazosifiwa kwa kushusha kolesteroli, lakini kwenye glasi zinateleza kama bamia. Mwanangu alitia mdomoni mara moja akanambia mama haya yana makamasi. Sikumlazimisha.

Siku ya tatu nkaiweka mashine pembeni nkatoa brenda yangu ya zamani, ile ya jagi la plastiki lenye ufa, na hapo ndo maziwa yakatoka. Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndo penyewe. Kikombe kimoja cha oti kavu, usiziroweke hata kidogo, vikombe vinne vya maji ya baridi kabisa kutoka kwenye friji, nkipata na vipande viwili vya barafu natia maana kisu kikizunguka kinapasha maji. Chumvi nchani mwa kijiko. Tende mbili zilotolewa kokwa. Unasaga sekunde ishirini na tano, thelathini basi, unazima hata kama roho inakwambia bado. Zile oti za punje kubwa bapa zinatoa maziwa safi kuliko zile za kupika haraka zilovunjwavunjwa, ila kama unazo hizo za haraka punguza muda iwe sekunde kumi na tano.

Kuchuja sasa. Mashine ilikuja na chujio lake la bati, halifai, matundu makubwa linapitisha chengachenga zote. Nkachukua kifumbu cha mama bila ya kumwambia, kidogo kinafaa lakini nacho matundu yake ni ya nazi na maziwa yakatoka na harufu ya tui la juzi. Kilichonifaa ni kitambaa cha melimeli, kipande nlichonunua kwa wauza vitambaa Darajani nkakipinda mara mbili, nkakitandaza juu ya bakuli.

Na hapa ndo sie watu wa pwani tunapofeli, kwa sababu mikono yetu imefunzwa nazi. Ukishika kitu kwenye kitambaa mkono wenyewe unakamua, unakamua mpaka machicha yalie, unatia maji unakamua tena tui la pili. Oti haina tui la pili! Ukiikamua ndo mlenda wote unashuka kwenye bakuli. Unaacha maziwa yadondoke yenyewe, unakinyanyua kitambaa kidogo kidogo, mwisho unakibonyeza kwa upole mara moja unaacha. Machicha yatabaki na unyevu, yaache yabaki. Mimi yale machicha nnayatia kwenye chapati za maji au nnachanganya na yai na ndizi mbivu nakaanga, mtoto anakula bila ya kuuliza.

Yanavyoonja? Mepesi, meupe yenye rangi ya krimu kidogo, ladha ya nafaka. Si matamu kama ya boksi na usitegemee. Ya boksi yana siri yake, yule profesa wa chuo cha Lund kule Sweden, Rickard Öste, miaka ya 90 mwanzoni aligundua ukitia vimeng'enya, vile vitu vya asili vinavyovunja chakula, kwenye oti ule wanga unavunjika unakuwa sukari, kwa hiyo maziwa yanakuwa matamu bila ya kutiwa sukari na hayakazi yakipata moto. Ndo kampuni ya Oatly ilipotokea. Nyumbani huna vimeng'enya.

Au unavyo! Niliposoma habari hiyo nkakumbuka kimea. Waliolea watoto wanajua, ulezi unauotesha, unaukausha, unausaga, ukitia kijiko kwenye uji mzito uliopoa poa kidogo ule uji unalegea unakuwa maji na utamu unaingia. Si jambo lile lile? Basi nkarudi kwenye mashine ya laki na thelathini, nkabonyeza soya, ikanitolea ile gundi yake, nkaimimina sufuriani nkaiacha ipoe mpaka mvuke umepungua ila bado moto kidole hakikai, nkatia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea nkakoroga. Dakika kumi. Jamani ililegea! Ile gundi ikawa maji maji mbele ya macho yangu, nkamwita mama aje kuona. Nkachemsha tena dakika chache maana kimea ni unga mbichi sipendi kuunywa hivyo, nkachuja, na safari hii hayakukaza tena. Utamu kidogo upo. Rangi ndo ikawa ya udongo udongo kwa ajili ya ulezi, na ladha ya kimea ipo, kama umekulia uji wa kimea utafurahi, kama hukukulia utaona ajabu. Kwenye chai ya tangawizi haionekani kabisa. Lakini hilo ungelifanya na sufuria na mwiko pia, mashine haina sifa hapo.

Chai. Huku kwetu chai ya maziwa tunapika pamoja, maziwa, majani, hiliki, mdalasini vyote vinachemka ndani ya sufuria moja. Haya ya oti ya brenda ukifanya hivyo utakunywa uji wa hiliki. Chemsha chai yako ya rangi nzito na viungo vyake, ipua, subiri kidogo ndo umimine maziwa ukikoroga. Nayo yatakaza kidogo, kidogo tu, mie nimeshazoea hata napenda.

Kuhifadhi, chupa ya gilasi ndani ya friji siku tatu, nne ukibahatika, yatajitenga maji juu unga chini, hayajaharibika, tikisa. Umeme ukikatika nusu siku na joto hili la Machi mwaga, usinuse nuse.

Kitu chengine watu hawasemi, ya boksi mengi yametiwa kalsiamu na vitamini D na B12, ya kwako ya brenda hayana, ni maji ya oti tu kwa ukweli. Mwanangu bado namlisha dagaa na mboga za majani na mayai, siyahesabu haya kuwa ni lishe ya maziwa. Na mwenye mtoto mchanga asije akathubutu kumpa badala ya ziwa la mama, hayo si ya watoto wachanga.

Mashine yenyewe sasa nisiionee. Soya inaipatia hasa, unaroweka usiku, asubuhi unabonyeza, dakika ishirini na tano unapata maziwa ya soya yaloiva. Maziwa ya lozi na korosho pia yanatoka vizuri kwa kile kibonye cha juisi maana hizo hazina wanga mwingi kama oti, saga utakavyo. Lakini kuiosha ni adhabu. Kile kibonye cha kujiosha kinazungusha maji tu, chini kwenye moto wanga umeshaganda na huwezi kuitumbukiza kwenye maji kwa sababu ya umeme, unaingiza mkono na kisu kile pale kinakusubiri. Nimejikata mara moja. Waya mfupi, futi mbili hivi, lazima ukae karibu na plagi. Na umeme ukikatika katikati inasahau ilipofika, inaanza mwanzo na vitu vishachemka nusu. Nlirudi dukani kuuliza kama wananibadilishia kwa brenda nzuri nikaongeza pesa, yule yule aliyeniita dada siku ile akawa hanijui, akanionesha kibao bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Haya.

Kwa hiyo nyota, kwa soya nne, kwa oti moja, na hiyo moja ni kwa sababu ilinikumbusha kimea. Kama unataka maziwa ya oti tu usinunue mashine yoyote yenye moto ndani, chukua brenda yoyote uliyonayo, hata yenye ufa kama yangu, na kipande cha melimeli. Ukikuta mashine isiyo na moto inayosaga sekunde unazotaka wewe hiyo sawa, lakini ndo hiyo hiyo brenda imevalishwa nguo nyengine.

Ya kwangu nimempelekea wifi Fuoni, anauza maziwa ya soya na sambusa jioni, anaipenda. Kifumbu cha mama nilikiosha nkakirudisha pahala pake kimya kimya, jana anapika wali wa nazi nikamsikia jikoni anauliza nani katia tende kwenye kifumbu changu.