Ziara ya saa tatu Roma: nilifuata makaisari, nikarudi nimesoma nywele

Mei iliyopita nilikuwa Roma wiki nzima kwa mkutano wa kazi pale FAO. Siku ya mwisho tukaachiwa saa sita mchana. Wenzangu wakatawanyika madukani kutafuta viatu, mimi nikalipa euro 55 mtandaoni kwa ziara ya miguu ya saa tatu kuhusu sura za makaisari, tiketi ya Musei Capitolini, makumbusho ya sanamu za kale, ikiwa ndani yake. Jina la kampuni silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Nianze na malalamiko yaishe. Tangazo lilisema kundi halizidi watu 15, nilihesabu 24. Tukachelewa dakika 25 tukisubiri familia iliyokwenda kusimama kwenye kanisa lisilo lenyewe. Kidude cha masikioni kilikuwa kinakwaruza, na kila basi likipita barabarani mwongozaji anabaki kupepesa midomo tu. Kiingereza chake nacho kilikuwa cha mbio. Kama hukizoei, utachoka kabla ya nusu saa.

Lakini yule mama kazi yake anaijua.

Tulianzia chini ya Nguzo ya Trajano, iliyozinduliwa mwaka 113 B.K. baada ya vita vya Dacia, nchi ambayo leo ni Romania. Ukiihesabu na kitako chake inafika kama mita 38, na utepe wa picha unaoizunguka ukinyooshwa unapata karibu mita 200. Kaisari mwenyewe anatokea humo mara 60 hivi: anahutubia askari, anatoa sadaka, anapokea mateka. Nikauliza nani angeziona zile picha za juu kabisa. Akacheka, akasema hata Warumi walikuwa wanakunja shingo kama sisi. Sanamu yake ya juu haipo tena. Tangu 1587 aliyesimama pale ni Mtume Petro, kwa amri ya Papa Sixtus V.

Kisha akatupa kanuni moja iliyonilipa euro zangu zote: "Usimtambue kaisari kwa uso. Mtambue kwa nywele."

Hapo nikasogea mbele. Mama yangu ameendesha saluni Morogoro miaka zaidi ya ishirini, na mimi nimekua nikisikia mteja akichambuliwa kichwa kabla hajaketi kitini. Tulipoingia Sala degli Imperatori, chumba cha makumbusho chenye vichwa vya marumaru vimepangwa rafu juu ya rafu, nilijisikia nimerudi nyumbani. Augusto ana vishungi juu ya paji la uso vinavyoachana kama mkia wa mbayuwayu, na pembeni vingine vinakutana kama koleo. Trajano nywele zimelazwa mbele, zimechanwa bapa, za kiaskari. Hadriano ana mawimbi na ndevu, na ndiye aliyezifanya ndevu kuwa za kikaisari.

Sababu ya nywele kuwa na uzito huo ni ya kikazi kabisa. Mfano ulichongwa Roma, nakala zikasambazwa majimboni, na mchongaji wa mbali ambaye hajawahi kumwona mtawala alifuata vishungi kimoja kimoja. Uso ungeweza kumpotea kidogo, vishungi hapana. Ni sawa na mteja anayeingia saluni na picha kwenye simu: nisuke hivi hivi. Sanamu za Augusto peke yake zimebaki hadi leo zaidi ya 200, na katika zote ni kijana. Alikufa mwaka 14 B.K. akikaribia miaka 76, huku sanamu zake zikiwa bado na sura ya mtu anayebeba picha ya kidato cha sita kwenye kitambulisho. Vespasiano alikwenda kinyume: baada ya Nero na mitindo yake akajionyesha na upara na makunyanzi, shingo nene ya mzee wa kazi. Mwongozaji akasema na hilo nalo ni pozi. Nakubaliana naye.

Nilipiga picha kichwa cha mwanamke wa karibu mwaka 100 B.K., mbele amepandisha mlima wa vipilipili vilivyotobolewa kwa kekee, nyuma misuko imezungushwa kama kata ya kubebea ndoo. Nikamtumia mama. Akajibu: "Mbele wigi hiyo. Nyuma ni zake."

Kilichonikaa zaidi ni habari ya sura zilizochongwa upya. Domisiano alipouawa mwaka 96, Baraza la Seneti liliamuru jina lake lifutwe kila mahali. Lakini marumaru ni ghali, kwa hiyo vichwa vyake vingi havikutupwa: vilipunguzwa mashavu, vikakaushwa, vikawa Nerva aliyemfuata. Ukizunguka nyuma wakati mwingine unaziona nywele za mwenye kichwa wa kwanza zimesahaulika shingoni. Nilijua mara moja anachosema. Dukani kwa baba mdogo wangu fremu ya picha ya rais ni ileile tangu niko mdogo. Kinachobadilika ni karatasi iliyo ndani.

Hapa ndipo ziara iliponiudhi kweli. Kwenye roshani ya Tabularium, hifadhi ya nyaraka ya kale iliyo ndani ya jumba hilohilo, unaliangalia Jukwaa la Warumi, ule uwanja mkuu wa mji wa kale, lote chini yako, na karibu kabisa ni Tao la Septimio Severo la mwaka 203. Huyu alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, Mwafrika kwa kuzaliwa. Tao lilimtukuza yeye na wanawe wawili. Mwishoni mwa 211 mwana mkubwa, Karakala, akamuua mdogo wake Geta, na jina la Geta likang'olewa kwenye maandishi yale, pakajazwa maneno ya kuwasifu waliobaki. Matundu ya herufi za shaba za mwanzo bado yapo. Kwa kisa hicho chote tulipewa dakika mbili! Dukani, penye sumaku za friji, tukakaa kumi na tano.

Nikamfuata pembeni kumuuliza sura hizi zilifika wapi Afrika. Hakunikimbia. Akanieleza kichwa cha Augusto cha shaba nyeusi kilichofukuliwa Meroe, Sudan, mwaka 1910, macho yake ya kupachikwa bado yanakodoa. Jeshi la Kushi, ufalme wa huko Sudan, lilivamia mpaka wa Misri miaka ya 20 K.K., likakata kichwa cha sanamu, likaenda kukizika chini ya ngazi za hekalu, ili kila anayepanda amkanyage kaisari. Mchanga ukakihifadhi vizuri kuliko ndugu zake wengi wa Roma. Kipo British Museum.

Farasi wa Marko Aurelio, sanamu ya kaisari huyo akiwa amempanda, nilimwona kwa haraka. Wa uwanjani mbele ya makumbusho ni nakala. Yule halisi, shaba yenye mabaki ya dhahabu, yuko ndani. Aliponea kuyeyushwa kwa kuwa Wakristo walidhani aliyempanda ni Konstantino.

Huyo Konstantino ndiye tuliyemalizia, kwenye tao lake la 315 karibu na Koloseo, ule uwanja mkubwa wa maonyesho wa kale. Nusu ya mapambo ni ya kuazima kwa Trajano, Hadriano na Marko Aurelio, nyuso zikakwanguliwa zifanane na mwenye tao. Na nywele? Kanyoa ndevu, kazilaza mbele kama Trajano. Kwa somo lile la mchana kutwa nilimaliza mwenyewe kabla mwongozaji hajafungua mdomo. Sanamu ya mita 13 iliyoundwa upya kutokana na vipande vyake, kwenye bustani ya Villa Caffarelli, haimo kwenye ziara. Niliipandia baadaye peke yangu, na simama chini ya goti lake uone ulivyo mdogo.

Ukienda, vaa viatu bapa, yale mawe hayana huruma. Chupa ya maji usinunue, mabomba ya mtaani yanatiririsha maji safi bure. Chukua ziara ya asubuhi, na kidude kikikwaruza kirudishe hapohapo, usione haya kama mimi.

Kampuni niliiandikia kuhusu lile kundi la watu 24. Wamenirudishia euro 10 na kuomba radhi. Nyota nne, zote za yule mama.