Shilingi 360,000 kwa mashine ya mwaka 2012: nilivyoifufua kompyuta yangu hapa Tanga

Kompyuta mpakato yangu ni Lenovo ThinkPad T430, mashine iliyotoka mwaka 2012, ambayo niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019 ikiwa imeshatumika vya kutosha. Usiku mmoja wa Aprili 2025, masika yakiwa yamekolea hapa Tanga, paa la nyumba ninayoishi Makorora lilivuja juu ya meza ambayo nilikuwa nimeiacha mashine ikiwa wazi na chaja ikiwa imechomekwa. Alfajiri niliikuta imezimika, na nilipoiinamisha, maji yalimwagika kutoka kwenye kibodi. Mke wangu, kwa nia njema kabisa, aliizika ndani ya kiroba cha mchele kwa siku mbili. Ilitoka humo ikiwa kavu kwa kuigusa, imejaa chenga kwenye matundu ya pembeni, na haikuwaka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kazi ninayoifanya kwenye kompyuta ni kutunga mitihani, kuandaa maazimio ya kazi, kujaza alama na kuandika barua za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Naitaja mapema kwa sababu maoni yangu yote hapa chini yameegemea matumizi hayo, na mtu anayehariri video au kuchora ramani za majengo ana haki ya kufikia uamuzi tofauti na wangu.

Duka la kwanza nililoipeleka, ambalo sitalitaja, halikuifungua hata skrubu moja. Kijana wa kaunta alibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, akatamka kwamba madabodi, yaani ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya ndani, imekufa, akanipa shilingi 60,000 endapo ningependa kuiacha iwe spea, na papo hapo akanionyesha mashine nyingine ya kununua. Huenda ni mwenye uzoefu wa kutambua maradhi kwa kutazama tu. Mimi niliona vigumu kumwamini mtu anayetoa hukumu ya kifo huku akiwa na jeneza la kuuza.

Fundi niliyemfikia mwishoni ana kibanda Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Baada ya salamu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, maji yalipoingia, ilikuwa kwenye umeme?" Nilipokiri, aliguna. Alinieleza kwamba kibodi ya mashine hizi ina mifereji ya kupitisha maji hadi kwenye matundu yaliyo chini, na kwamba mifereji hiyo ilikuwa imefanya kazi yake kwa sehemu. Lakini maji yaliyopita juu ya bati kuukuu hubeba vumbi na kutu, na yakikutana na umeme juu ya shaba, shaba huanza kuliwa ndani ya muda mfupi. Mchele, hata ukinyonya unyevu wote, hauondoi uchafu uliokaukia kwenye bodi. Kinachouondoa ni kuifungua mashine na kuisugua kwa spiriti na mswaki laini, na kadiri unavyochelewa ndivyo kutu inavyozidi kujichimbia.

Aliifungua mbele yangu, jambo ambalo kwangu ni nusu ya thamani ya huduma yenyewe. Kutu ya kijani ilikuwa imetanda kwenye skrubu kadhaa na kwenye soketi moja ya rami (kumbukumbu ya muda ya mashine), ingawa aliniambia kuwa si yote ilikuwa ya wiki ile. Sehemu yake ilikuwa ya miaka, kazi ya hewa ya bahari ambayo hapa Tanga hula mpaka nondo za madirisha. Alitoa betri, akatoa diski, akachomeka chaja peke yake na kubonyeza kitufe. Feni ilizunguka, kioo kikabaki cheusi. Akaniomba ufutio, kitu ambacho mwalimu hakikosi mfukoni, akasugua yale meno ya rami yenye rangi ya dhahabu mpaka yakang'aa, akairudisha kwenye soketi ileile, bila mafanikio, kisha akaihamishia kwenye soketi ya pili. Nembo ya mashine ikatokea kwenye kioo. Madabodi iliyotangazwa kufa ilikuwa hai. Kilichokufa ni soketi moja, kibodi, na, kama tulivyogundua baadaye, betri.

Hapo ndipo hesabu zilipoanza, na hapo ndipo ninapotaka msomaji aniangalie kwa makini, kwa sababu kila hatua niliyochukua ilikuwa na akili ikitazamwa peke yake.

Kibodi ilikuwa shilingi 45,000, nayo ililetwa na basi kutoka Kariakoo kwa kuwa hapa mjini haikupatikana. Kwa kuwa soketi moja tu ya rami ndiyo iliyobaki, vile vipande viwili vya GB 4 havikuweza tena kukaa pamoja, basi nikanunua kipande kimoja cha GB 8 kwa shilingi 40,000. Anayetaka kufanya hivyo ajue kwamba mashine za umri huu hutumia rami ya DDR3, na kwamba DDR4 ya mashine za baadaye haiingii, kwani pengo lake limekaa mahali tofauti. Diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, ilikuwa bado inasoma, na mitihani yangu yote ya miaka sita ilikuwa salama ndani yake. Hata hivyo fundi alinishauri nisiiache kuwa diski kuu, nikakubali kuweka SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 240 kwa shilingi 75,000. Ufundi wenyewe, pamoja na kusafisha bodi na kubadilisha ile pasta iliyokauka kati ya prosesa, ubongo wa mashine, na kipoozeo chake, ulikuwa 50,000. Jumla 210,000. Siku mbili baadaye nilirudi kwa sababu kila nilipoizima na kuichomoa, tarehe ilirudi miaka nyuma, na tovuti zikawa zinakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyao vya usalama si halali. Ilikuwa ni betri ndogo ya sarafu inayolinda saa ya mashine, shilingi 5,000.

Betri kubwa ndiyo iliyonitia adabu. Ya zamani haikushika chaji tena, nami bila kumuuliza fundi nikanunua nyingine kwa mtu mwingine kwa shilingi 55,000. Niliipachika, na kioo kikaniandikia kwamba betri hiyo haitambuliki na haitachajiwa. Kumbe mashine za kizazi hiki hukagua betri kabla ya kuikubali, na ya kuiga isiyotengenezwa vizuri hukataliwa mlangoni. Muuzaji hakukubali kuirudisha. Niliyoipata safari ya pili, kwa shilingi 90,000, ilikubaliwa, lakini inanipa saa mbili na dakika chache tu, wakati nilitarajia nne. Fundi alinieleza sababu, nami nimeridhika nayo: betri za lithiamu huzeeka hata zikiwa ndani ya boksi, na betri "mpya" ya mashine ambayo haitengenezwi tena inaweza kuwa imelala stoo miaka kadhaa. Katika kila kitu kingine mashine yangu imefufuka. Katika betri, imepewa nafuu tu.

Jumla kuu, basi, ni shilingi 360,000, na ndani yake mna 55,000 nilizozitupa mwenyewe. Lau fundi angenitajia 360,000 siku ya kwanza, nina hakika ningefunga mkoba wangu na kwenda dukani. Hakunidanganya, ni kwamba gharama ya kufufua haiji kwa mkupuo, huja kwa mafungu, na kila fungu linaonekana dogo likilinganishwa na lile ambalo umeshalilipa. Nikirudia leo, ningemwomba aandike kila kitu ambacho mashine ingehitaji kwa mwaka mmoja mbele, pamoja na betri, kabla sijatoa hata shilingi ya kibodi.

Sasa nije kwenye upande wa kununua, maana sikuupuuza. Nilizunguka madukani kwa siku mbili kwa baiskeli. Mashine mpya kabisa ya bei ya chini niliyoonyeshwa iliuzwa shilingi 620,000. Ilikuwa nyepesi, inapendeza machoni, ina dhamana ya mwaka mmoja, na ina rami ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, vyote viwili vimechomelewa kwenye bodi kiasi kwamba huwezi kuviongeza wala kuvibadilisha. Niliifungua na kuifunga mara kadhaa, nikaona plastiki ya kioo inapinda chini ya kidole. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo biashara mbaya kuliko zote kwa mtu wa kipato changu: unalipia upya wa ganda, na ndani unapewa kitu kilichofungiwa udogo wake tangu kiwandani. Mashine kongwe ya kiofisi yenye rami ya GB 8 na SSD inaipita kwa mbali katika kazi za maandishi.

Mshindani wa kweli alikuwa mashine iliyotumika. HP EliteBook 840 G3, ya mwaka 2016, nilitajiwa 480,000, na kwa dakika chache niliona mjadala umekwisha, kwani ni nyembamba na nyepesi kuliko yangu, na betri yake ilionekana bado ina nguvu. Kilichonirudisha nyuma ni tarehe: ilikuwa inajulikana tangu zamani kwamba masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yangekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, inataka kwa kawaida kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Ile EliteBook ni ya kizazi cha sita. Kwa maneno mengine, ningeongeza pesa ili nihamie kwenye mashine yenye kikwazo kilekile. Muuzaji alinihakikishia kwamba "Windows 11 tunakuwekea", na ni kweli kwamba zipo njia za kuilazimisha, lakini mwenye kutengeneza programu hiyo haahidi kuendelea kuihudumia mashine iliyolazimishwa. Mashine ya kizazi cha nane niliipata kwa 780,000. Hiyo ndiyo ningeinunua kama ningekuwa nayo fedha, na hiyo ndiyo niliyomshauri mpwa wangu anayekwenda chuo kusomea usanifu wa majengo, ambaye programu zake haziwezi kubembelezwa.

Kwangu niliweka Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, toleo lake la Xfce ambalo ni jepesi, na kwa kuwa halilipiwi, halikuongeza chochote kwenye daftari. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwa tayari sasa inachukua muda wa kuvuta kiti na kukaa. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya SSD, na kama mtu ana fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa mashine yake ya zamani isiyo na hitilafu, anunue hicho. Uhamisho haukukosa karaha. Wiki ya kwanza nilitunga mtihani kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayofanana na Word, nikaupeleka kwenye fleshi hadi steshenari ninakochapishia, na ulipofunguliwa kule kwenye Word, jedwali lilikuwa limehama na swali la saba limekatika katikati ya kurasa mbili. Tangu hapo napeleka PDF peke yake, na kwa wenzangu wanaotaka kuhariri natuma faili na kuwaonya. Printa ya shuleni iliitambua mashine bila kuhitaji chochote, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

Miezi imepita, na mashine haijazima yenyewe hata siku moja. Feni imetulia, joto lililokuwa likiunguza mapaja halipo, na umeme ukikatika nina zile saa mbili zangu za kuhifadhi kazi na kufunga. Uzito wake wa zaidi ya kilo mbili naendelea kuuhisi kila ninapopandisha baiskeli. Kioo chake hufifia kabisa ukikaa barazani mchana, na nina soketi moja ya rami iliyokufa ambayo inanikataza kuvuka GB 8. Huduma ya fundi naipa alama za juu kwa uwazi wake wa kuifungua mashine mbele yangu na kunirudishia vipande vyote vya zamani ndani ya mfuko; namkata kidogo kwa kutokunionya mapema juu ya betri, ingawa naye angesema sikumuuliza.

Diski ya zamani nimeitia kwenye kasha la USB, nayo ndiyo sasa ninayohifadhia nakala za mitihani kila Ijumaa. Meza nimeihamishia ukuta wa pili, na bati limezibwa. Wiki iliyopita bawaba ya kushoto ya kioo imeanza kulia kila ninapoifunua. Fundi amesema ni shilingi 30,000. Nimeiandika kwa penseli pembeni mwa daftari, chini ya zile 360,000, na sijampigia simu.