Fundi wa redio aliyeitibu pinboli yangu, Malindi

Nyota nne. Ya tano nimemkata kwa ile "kesho" yake, iliyochukua siku tisa.

Pinboli yenyewe, ile mashine ya mchezo wa kupigapiga mpira wa chuma, ni ya 1994, imetengenezwa Chicago, na niliachiwa na Mtaliano mpangaji wangu alipofunga virago. Nimeiweka kwenye mkahawa, na vijana wanaipenda kuliko sharubati yangu. Mwezi jana ikashikwa na wazimu: mpira mmoja ungali unacheza, inatema wa pili. Fundi wa kwanza akanambia kompyuta yake imekufa, nitafute nyingine. Nitafute wapi, Malindi hii?

Huyu wa redio, mwenye kibanda karibu na soko, aliinua ubao wa kuchezea, akateremsha simu hadi kwenye mfereji mipira inakojipanga. "Mama, hebu tazama." Kwa macho, hamna kitu. Kamera ya nyuma, hamna. Ya mbele ikaonyesha vidoa vya zambarau vimejipanga, mahali pamoja pana giza. Kumbe kila mpira una kituo chake: upande huu kitaa cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), upande ule jicho la kukipokea. Mpira ukikaa unakata mwanga, mashine inahesabu. Kitaa kikifa, inahesabu mpira ambao haupo.

Vifaa viliagizwa Nairobi: QED123 ya rangi ya pichi, ndiyo inayomulika, na QSD124 nyeusi, ndiyo inayopokea. Nikauliza, jicho jeusi litaonaje? Akacheka: weusi ule unazuia mwanga wa kawaida tu. Jua la saa tisa halikuzuilika lakini, maana nalo lina infraredi. Ubao ukiwa juu, dirisha wazi, mashine haikuona hata mpira mmoja, mpaka tukafunga.

Kitaa alikichomelea kinyume mara ya kwanza (mguu mrefu ndio chanya), akakitoa mbele yangu bila kuona haya. Kisha akapitia na risasi ya kulehemu upya kwenye miguu ya vitaa na macho yote, maana kila mpira unapotemwa kile kishindo hutikisa saketi mpaka viungo vinapasuka. Hiyo hakunitoza. Jumla 2,500, na vifaa ndani.

Sasa unatoka mpira mmoja kwa zamu. Mwanangu wa mwisho amenuna. Alishazoea ule wa bure.