Frecciarossa 1000 na Italo: angalia treni na kituo kabla ya kulipia daraja la kiti

Kati ya Milano na Roma sioni tena sababu ya kupanda ndege. Treni isiyosimama njiani huchukua takriban saa 3, inaondokea katikati ya mji na kukushusha katikati ya mji. Tathmini yangu ya treni hizi za kasi za Italia ni nzuri, ila naona abiria wengi wanapoteza fedha pasipo sababu: wanahangaikia daraja la kiti, huku mambo mawili yanayoamua kama safari itakuwa nyepesi au nzito, yaani aina ya treni na kituo, wanayaacha yajiamulie yenyewe.

Nianze na treni. Frecciarossa 1000, treni ya kasi ya Trenitalia, kampuni ya reli ya serikali ya Italia, inayojulikana pia kama ETR 400, iliingia kazini mwaka 2015, wakati wa maonyesho ya Expo ya Milano. ETR 500 iliyoitangulia ina vichwa viwili, kimoja kila upande, na mabehewa katikati yanavutwa tu. Mpya haina kichwa cha kuvuta. Mota zake 16 zimegawanywa chini ya mabehewa, kwa hiyo nusu ya ekseli zote (vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili) zinasukuma. Ndiyo maana huchomoka kituoni upesi, haitelezi kirahisi reli zikilowa, na urefu wake wote wa mita 202 hutumika kubeba watu: viti 457 katika mabehewa 8. Inapokea pia umeme wa aina zaidi ya moja, na hilo ndilo linaloiwezesha kuvuka hadi Paris.

Kuhusu kasi, usidanganyike na namba za matangazo. Treni iliundwa kwa kilomita 360 kwa saa, na Februari 2016 ilifika 393.8 katika majaribio kwenye njia ya Torino–Milano. Abiria anapewa 300, na tena si kote. Kati ya Firenze na Roma skrini ya ndani ya behewa inayoonyesha kasi itaganda kwenye 250. Njia ile ni ya zamani, sehemu ya kwanza ilifunguliwa 1977 na ya mwisho 1992, umeme wake ni volti 3,000 za mkondo mnyoofu badala ya 25,000 za njia mpya, na treni nyingine za polepole zinaitumia pia. Moja ikichelewa mbele, zilizo nyuma zinapanga foleni. Kwa hiyo ukiwa na miadi Roma au ndege ya kuunganisha, acha nafasi ya saa moja nzima hata kama ratiba inaonekana imenyooka.

Italo, kampuni binafsi iliyoanza Aprili 2012, ina treni za aina mbili, na zinatofautiana sana. AGV ya Alstom ina mabehewa 11 yanayoshikana juu ya magurudumu yaliyowekwa kwenye maungio, hivyo hakuna magurudumu chini ya katikati ya behewa. Kwa sikio langu ndiyo tulivu kuliko zote, mradi usikae karibu na mlango wa kuunganisha mabehewa. EVO ina mabehewa 7 na kasi yake ya mwisho ni 250. Bei zikilingana kwenye njia ya 300, chagua AGV au Frecciarossa 1000.

Sasa daraja. Katika Frecciarossa 1000, Standard na Premium zote zimepangwa viti viwili kwa viwili. Premium inakuongezea kinywaji na kitafunwa, na kiti chenye ngozi nzuri zaidi. Mimi siilipii. Business ndiyo hatua yenye maana, kwa sababu viti ni viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Anayesafiri peke yake akipata kile kimoja anafanya kazi bila kugusana viwiko na mtu. Executive ina viti 10 tu, na ni ya mtu anayelipiwa na ofisi.

Jambo ambalo karibu hakuna anayelitaja: treni inayosimama Firenze Santa Maria Novella huingia na kutoka kwa njia ileile, maana reli zinaishia pale. Uliyekuwa ukitazama mbele unaanza kurudi kinyumenyume hadi Roma. Milano Centrale ni vivyo hivyo kwa treni zinazotoka Torino kuelekea kusini. Mwenye kichefuchefu achague treni isiyosimama Firenze, ambayo hupita pembeni ya mji. Na kati ya Bologna na Firenze jiandae: kilomita 73 kati ya 78 ni mahandaki, masikio yanaziba, na intaneti hukatikakatika. Pakua unachohitaji kabla.

Vituo vinakosewa kila siku. Napoli Afragola si Napoli Centrale. Ni jengo zuri lililobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid, lililo nje ya mji, na usafiri wa kukufikisha katikati ni wa shida. Roma Tiburtina si Roma Termini, kituo kikuu cha mji. Bologna treni za kasi nyingi zinasimama chini ya ardhi, majukwaa 16 hadi 19, na kushuka na mizigo kunakula dakika kumi. Ubao nao huandika mwisho wa safari ya treni: anayekwenda Firenze ataona Napoli au Salerno. Fuata namba ya treni iliyo kwenye tiketi.

Upande wa tiketi za Trenitalia, Super Economy ni ya bei nafuu lakini haibadilishwi wala hairudishwi fedha. Economy hubadilishwa kabla ya kuondoka, kwa kulipa nyongeza. Base ndiyo inayokuvumilia, hata ukikosa treni kwa muda mfupi. Usiunganishe Trenitalia na Italo kwa tiketi mbili ukidhani ya pili italindwa. Ya kwanza ikichelewa, hasara ni yako. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119 unastahili robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 nusu, kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya. Fedha hizo unaziomba mwenyewe kwa kampuni, kwa hiyo tunza tiketi.

Kila kiti kina soketi, lakini haipokei plagi ya pini tatu nene tunayotumia Kenya na Tanzania. Nunua adapta ya pini mbili za mviringo kabla ya kusafiri, maana vituoni bei yake hupanda sana.